Ramani Yako Haijui Kama Jana Kulinyesha

Leo sina habari ya simu mpya wala ya lugha mpya ya programu. Leo nataka ugomvi.

Nimerudi juzi kutoka Migori na Homa Bay. Tulikuwa watu wanne na vani moja kuukuu, siku tisa, tukilala milimani na kando ya ziwa, tukipita njia za msituni na kushuka makorongo. Picha ninazo na nitaziweka siku nyingine. Kilichonifanya niketi mbele ya tarakilishi usiku huu ni hoja moja tu: ule mstari wa buluu unaouona kwenye simu yako si barabara. Ni kisio. Na sisi tunaoandika programu tumewafundisha watu kuuamini kana kwamba umechorwa na mtu aliyepita pale asubuhi ya leo.

Najua kuna atakayesema haya ni malalamiko ya kijana wa Nairobi aliyekwama matopeni. Hatukukwama hata mara moja. Na sababu ya kutokwama ndiyo makala yenyewe: tuliwauliza watu kabla ya kuiuliza simu.

Mstari wa buluu unatoka wapi?

Tuanze na hesabu, kwa wale ambao hawajasoma sayansi ya tarakilishi. Mwaka 1956 Mholanzi mmoja, Edsger Dijkstra, alikuwa mkahawani Amsterdam na mchumba wake. Kwa dakika kama 20 hivi alibuni namna ya kutafuta njia fupi kutoka mahali hadi mahali. Aliichapisha mwaka 1959. Mpaka leo, programu nyingi za ramani zimejengwa juu ya wazo lile lile, pamoja na vikorombwezo vya kuliharakisha.

Wazo ni hili. Kila makutano ya barabara ni nukta. Kila kipande cha barabara kati ya nukta mbili ni mstari. Kila mstari una gharama yake. Programu inatafuta mfuatano wa mistari ambao jumla ya gharama zake ni ndogo kuliko mingine yote. Ukitaka njia ya haraka, gharama ni hii:

gharama = urefu ÷ kasi

Urefu si tatizo, picha za setilaiti zinaupima vizuri. Tatizo ni kasi. Pale Thika Road, simu nyingi zinapita kila dakika na kampuni ya ramani inaona zinavyokwenda. Hapo kasi inapimwa. Lakini kwenye njia ya msituni juu ya milima ya Gwassi, ambapo siku nzima unaweza kukutana na lori moja la magogo na bodaboda mbili, hakuna cha kupima. Basi programu inakisia. Inaangalia aina ya barabara iliyoandikwa kwenye hifadhidata, inachukua kasi ambayo mwandishi wa programu aliwapa barabara zote za aina ile, inagawanya, kwisha.

Sasa fikiria kipande cha kilomita 30. Programu ikikisia kilomita 60 kwa saa, itakuambia dakika 30. Kama hali halisi ni kilomita 12 kwa saa, safari ni saa mbili na nusu. Hesabu ya Dijkstra haikukosea hata chembe. Ilipewa namba mbovu, ikatoa jibu bovu kwa usahihi mkubwa.

Kinachonikasirisha si kukisia. Kila mtu anakisia. Kinachonikasirisha ni kwamba dakika 30 za Thika Road na dakika 30 za Gwassi zinaandikwa kwa herufi zile zile, rangi ile ile, ukubwa ule ule. Moja imepimwa, nyingine imeokotwa. Mwandishi wa programu anajua tofauti, mashine inajua tofauti, ni msafiri peke yake asiyeambiwa. Kwa nini? Kwa sababu alama ya kuuliza inaharibu urembo wa skrini.

Nchi yenyewe haitaki kukisiwa

Labda huijui sehemu ninayoizungumzia. Watu wa utalii wanaishia Maasai Mara na kugeuza gari. Wengine huenda Kisumu kula samaki na kurudi. Kusini mwa ghuba, Homa Bay na Migori, unapita na vani siku nzima bila kuona gari la watalii.

Milima ya Gwassi ni mabaki ya volkeno kubwa ya zamani iitwayo Kisingiri. Majivu yake ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya kale ya kisiwa cha Rusinga, ikiwemo fuvu la nyani maarufu alilolipata Mary Leakey mwaka 1948. Mlima wa namna hii unapokatwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, unatoa makorongo yanayoshuka kila upande kama mbavu. Njia inayozunguka mlima haina budi kuyavuka, moja baada ya jingine. Kwenye ramani ni mstari mwembamba uliopinda vizuri. Kwenye usukani ni kushuka, maji, kupanda, kisha kushuka tena.

Upande wa mashariki wa milima hiyo kuna bonde la Lambwe na hifadhi ya taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, chini ya ukuta wa Kanyamwa. Pale chini udongo ni mweusi na mzito. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji, umepasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Ikinyesha, udongo ule ule unakuwa uji unaoshika gurudumu na kukataa kuachia. Barabara ni ile ile, urefu ni ule ule, jina ni lile lile. Jumatatu ni barabara, Jumanne baada ya mvua si barabara.

Kaskazini mashariki, rasi ya Homa ina mlima wake wa volkeno wenye mita 1,751. Chini yake, mmomonyoko umefungua ardhi kama kisu. Ni katika korongo la namna hiyo, mahali paitwapo Nyayanga, ambapo watafiti walipata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 hivi, pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjwa kwa zana hizo. Habari hiyo ilitangazwa Februari 2023. Yaani tuna makorongo ambayo dunia nzima ya sayansi inayajua, na huku simu yangu haijui kama njia ya jirani inapitika.

Migori nako vivyo hivyo. Kuna Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, kuta zake zikifikia zaidi ya mita 4 mahali pengine. Jina lenyewe kwa Kijaluo linatokana na msitu wa kutisha. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Iko kilomita 46 hivi kaskazini magharibi ya mji wa Migori. Ukienda upande wa Nyatike, mto Kuja unapokaribia ziwa hufurika mara kwa mara na kumeza njia. Na katika eneo la machimbo ya dhahabu, Macalder na Osiri, mashimo ya wachimbaji wadogo yanafunguliwa na kuachwa, mengine karibu na mahali watu wanapopita. Nionyeshe programu inayokuambia "usigeuze vani hapa usiku, kuna shimo". Nitakungoja.

"Lakini si leo"

Siku ya nne tulikuwa juu Gwassi, jioni, mawingu yakikusanyika upande wa ziwa. Programu moja ya ramani (sitaitaja, zote ni ndugu) ilikuwa imetuchorea mstari wa buluu moja kwa moja kushuka hadi ufukweni. Dakika 50, ilisema. Hakuna "labda".

Kando ya njia alikuwepo mzee aliyekuwa akifunga ng'ombe wake. Tulisimama, tukamsalimu kwa heshima, kisha mwenzetu wa kutoka Ndhiwa akamuuliza:

"Jaduong', njia hii inafika ziwani?"

Mzee akaangalia mawingu kwanza. Kisha akaangalia magurudumu yetu.

"Inafika, wuoda. Lakini si leo."

Akatueleza kwamba kuna korongo la tatu ambalo maji yake hayatoki kwa mvua ya hapa, yanatoka juu, hivyo unaweza kulikuta limejaa na wewe hujaona tone. Akatuonyesha uwanja wa kuegesha gari karibu na boma lake. Tulipika hapo, tukalala hapo. Asubuhi tulishuka saa tatu na nusu, tukifika chini tumechoka lakini wazima. Matope kwenye korongo la tatu yalionyesha maji ya usiku yalifika wapi: juu ya kiuno changu.

Msomaji, jibu la mzee yule lina mambo matatu ambayo programu yetu haikuwa nayo. Lina wakati: leo, si jana wala kesho. Lina chombo: aliangalia magurudumu, hakutujibu kana kwamba tuna trekta. Na lina sababu: alituambia ni korongo lipi na kwa nini. Hiyo ndiyo taarifa kamili. Sisi tulio na shahada tunampa mtu namba moja na kuiita teknolojia.

Majibu ninayoyajua tayari

Nimeshabishana na wenzangu kazini kuhusu jambo hili, kwa hiyo majibu yao nayajua.

Jibu la kwanza: setilaiti na akili mnemba zitamaliza kazi. Kweli, mashine leo zinachora barabara na nyumba kutoka angani kwa kasi ya ajabu. Mwaka 2021 maabara ya Google iliyoko Accra ilitoa ramani ya majengo ya Afrika iliyochorwa na mashine, na ni kazi nzuri, siipingi. Lakini picha ya angani inaona mstari wa kahawia kati ya miti. Haioni kwamba daraja ni magogo mawili. Haijui korongo la tatu. Tena picha nzuri ni ile isiyo na mawingu, maana yake setilaiti huipiga Gwassi picha siku ya kiangazi, siku ambayo kila njia inapitika! Tunakusanya ushahidi siku nzuri, kisha tunawatuma watu siku mbaya.

Jibu la pili: kampuni kubwa itafika tu, tuvute subira. Tumeshavuta. Mwaka 2008 Google walianzisha Map Maker, na watu wengi wa kujitolea, Wakenya wakiwemo, walikesha wakichora miji na vijiji vyao. Machi 2017 kikafungwa. Sehemu ya kazi ilihamia kwenye ramani yao kuu, sawa, lakini wewe uliyechora barabara ya kijijini kwenu huwezi leo kuomba faili yake ukaiwekee hospitali ya kwenu programu yao wenyewe. Ulitoa jasho, ukabaki mteja.

Jibu la tatu, na hili ndilo linaloniuma: hakuna pesa huko. Wanaofanya mzunguko wa vani Gwassi ni wangapi? Wachache, nakubali. Lakini mzee yule hasafiri kwa vani. Njia ile ile anapita mwalimu. Anapita mwenye pikipiki amebeba mama anayeumwa uchungu usiku. Lori la samaki la kutoka ufukweni linapita hapo na barafu yake inayeyuka. Dereva wa gari la wagonjwa anayetumwa kutoka mbali, asiyeijua sehemu, anafuata mstari wa buluu kama sisi. Kwetu sisi tofauti ya dakika 50 na saa tatu ni chakula cha jioni kuchelewa. Kwake yeye ni kitu kingine.

Ramani huria, si lawama

Sasa naingia kwenye dawa, maana kulalamika peke yake hakuna faida.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Ni ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuichukua data yake na kuitumia. Sisi Kenya tuna historia nayo: mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea na vifaa vya GPS wakauchora mtaa wao, uliokuwa karibu mtupu kwenye ramani za mtandaoni. Mradi ule uliitwa Map Kibera. Hawakungoja mtu.

Na kwa hoja yangu ya leo, uzuri wa OpenStreetMap ni kwamba inakubali maneno ya mzee. Kila kipande cha barabara unaweza kukiandikia uso wake: lami, changarawe, udongo, mawe. Unaweza kuandika ni laini kiasi gani kwa gurudumu, kama inafaa gari dogo au ni ya magari ya kuvuta kwa magurudumu manne tu. Unaweza kuandika kwamba mto unavukwa bila daraja, na kwamba njia inapitika kwa msimu. Mahali pa kuandikia pako wazi. Kilichokosekana ni waandishi.

Sisi tulifanya hivi, nawe unaweza:

1. Kabla ya kuondoka tulipakua ramani ya Kenya kwenye simu kwa programu huria, Organic Maps na OsmAnd. GPS haihitaji intaneti, inapokea mawimbi ya setilaiti bure. Kinachohitaji intaneti ni ramani, na ukishaipakua huna deni na mtu.

2. Njiani tulirekodi nyayo za safari, pamoja na muda. Kila kivuko tulisimama, tukapima kina kwa fimbo, tukaandika.

3. Kila tulipomuuliza mtu, tuliandika alichosema na tarehe.

4. Jioni mmoja wetu alitumia StreetComplete, programu inayokuuliza maswali mepesi kama "barabara hii ina uso gani?" na kupeleka majibu kwenye ramani. Huhitaji shahada. Mpwa wako wa darasa la saba anaweza.

Tumeingiza vipande vyote tulivyopita. Ni kidogo mno ukilinganisha na kilichobaki, na barabara nyingine zitatiwa lami na kubadilika. Vizuri, zibadilishwe na kwenye ramani.

Kwa waandishi wa programu wenzangu nina ombi la ziada. Mkikisia, semeni mmekisia. Andikeni "dakika 30 hadi saa 3, hatuna taarifa ya njia hii". Mstari uwe wa vitone. Ni mistari michache ya msimbo, msiniambie ni vigumu.

Makorongo yasiyoandikwa

Kuna jambo moja ambalo sharti niliweke wazi, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila kitu kiende kwenye ramani.

Kiswahili kina utani wake. Korongo ni bonde lililochimbwa na maji. Korongo pia ni ndege mwenye miguu mirefu. Na korongo ni swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye nchini Kenya amebaki Ruma tu. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15. Kumi na tano! Faru nao wako humo.

Korongo la maji, liandike kwa kila undani. Korongo mwenye pembe, usimwandike kabisa. Picha ya simu hubeba ndani yake latitudo na longitudo ya mahali ilipopigwa, na ukimtumia mtu faili yenyewe unaweza kuwa umemtumia na dira. Zima mahali kwenye kamera kabla ya kuingia hifadhini. Hali kadhalika mifupa ya kale ukiiona imechomoza korongoni: usiiokote, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 haikuruhusu. Na boma la mzee aliyetulaza si kambi ya umma. Hutalipata kwenye ramani kwa mkono wangu.

(Ushauri wa bure kwa watakaokwenda Ruma: acheni nguo za buluu iliyokoza na nyeusi nyumbani. Mbung'o wa Lambwe wanazipenda. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.)

Mvua za vuli huanza Oktoba. Kabla hazijafika, kila msomaji mwenye kwao aandike njia moja tu: ile inayotoka lami hadi nyumbani kwa wazazi wake. Uso wake, vivuko vyake, msimu wake. Kama huijui vizuri, piga simu nyumbani, uliza. Wao wanaijua, tangu hapo ni sisi tu ambao hatukuwauliza.

Nawasilisha.